Kabla ya Kukata Utepe



Lugha yetu ina neno kwa kila hatua ya chombo cha majini. Fundi akianza kazi, twasema anaunda. Akiziba mianya iliyo kati ya mbao kwa pamba na mafuta, twasema anakalafati. Na siku chombo kinapoteremshwa kutoka nchi kavu hadi majini, twasema kinashuliwa. Siku ya kushua chombo ni siku ya furaha. Pwani husomwa dua, watu hukamata kamba, hukokota na kuimba, na wakimaliza hula. Lakini kati ya furaha hiyo na safari ya kwanza ipo hatua moja isiyo na ngoma wala pilau. Hatua hiyo ni kukijaribu. Leo nataka tuizungumze hatua hiyo, na nitaanza na chombo kidogo sana, kilichoundwa mahali ambapo wengi wenu msingetegemea kusikia habari za vyombo.

Mahali penyewe ni Kumsenga, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Mtu wa Dar es Salaam akisikia Kigoma, huwaza ziwa, dagaa na mawese. Lakini Kibondo na Kasulu ni nchi ya vilima, migomba, maharage na mizinga ya nyuki, na ziwa liko mbali. Hata hivyo maji hayana mbali. Mvua inayonyesha juu ya vilima vile huteremka kwa vijito hadi Mto Malagarasi. Malagarasi huzunguka sana, kana kwamba haujui uendako, ukapita kwenye mabwawa na matete, na mwisho ukamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Kutoka ziwani maji hutoka kwa Mto Lukuga, upande wa Kongo, yakaingia katika Mto Kongo wenyewe, na Mto Kongo ukayafikisha katika bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mtu wa Kumsenga akiulizwa bahari yake ni ipi, anayo haki ya kujibu kwamba ni ile inayopiga mawimbi Brazili.

Kiangazi kimoja nilikwenda huko kwa shughuli za ukoo, nikakuta kijiji kizima kinazungumza habari za kijana mmoja, fundi seremala. Ufundi wake ulikuwa vitanda, milango na madawati. Aliwahi kukaa Kigoma mjini miaka miwili, na huko aliwaona wageni wakipita ziwani na vyombo vyembamba viitwavyo kayaki. Aliporudi nyumbani aliamua kuunda cha kwake, kwa mbao na kwa mikono yake, kisha akipeleke ziwani na kukikodisha kwa watalii.

Kayaki, kwa wasioijua, ni chombo chembamba na kirefu, kilichofunikwa juu mbele na nyuma, na katikati kina tundu moja la kukalia. Mpiga kafi huketi amenyoosha miguu mbele, na kafi lake lina bapa pande zote mbili, akipiga kulia na kushoto kwa zamu. Miongoni mwa waliokitumia tangu kale ni Wainuit wa Greenland na kaskazini ya Kanada. Kwao miti haioti, wakaokota magogo yaliyoletwa na bahari, wakatengeneza mifupa ya chombo, wakawamba juu yake ngozi za wanyama wa baharini. Kwa chombo hicho waliwinda katikati ya barafu kwa karne nyingi.

Kijana wetu hakuwa na ngozi za wanyama wa baharini. Alikuwa na plaiwudi. Alikata vipande virefu, akavitoboa matundu kando kando, akavishonanisha kwa waya za shaba alizozitoa katika mota iliyoungua. Kisha alipaka gundi katika maungio yote, akabandika vitambaa vya fiberglasi, akakata zile waya na kupiga msasa. Wazee walipoona walicheka. Chombo cha kushona kama shati! Niliwaambia wasicheke, kwa kuwa jambo hilo kwetu ni la kale kuliko misumari. Baharia mmoja wa Kigiriki aliyeandika habari za mwambao wetu katika karne ya kwanza alitaja soko liitwalo Rhapta, na jina hilo latokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya mashua za kushonwa alizozikuta huko. Na mtepe, uliosafiri kati ya visiwa vya Lamu na Unguja hadi siku za babu zetu, ulikuwa chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja. Wazee wakanyamaza, nadhani kwa adabu tu.

Sherehe ilipangwa iwe Jumamosi. Mgeni rasmi alikwisha alikwa, utepe mwekundu ulikwisha nunuliwa, na wapiga ngoma walikwisha pewa chochote. Mfanyabiashara aliyemkopesha kijana fedha za gundi angesimama mbele kwenye picha. Na ili watu wapendezwe, mpwa wake fundi, mtoto wa miaka tisa, angeketishwa ndani ya kayaki na kusukumwa katikati ya maji, mgeni rasmi akipiga makofi.

Siku mbili kabla yake alifika mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliumaliza akivusha watu kwa mtumbwi katika Malagarasi. Aliizunguka kayaki, akaigonga kwa vidole kama mtu anayechagua mtungi, kisha akauliza, "Mwanangu, umekwisha kukizamisha?"

Kijana alishangaa. "Mzee wangu, nitakizamishaje na keshokutwa ni sherehe?"

Mzee akasema, "Ndiyo maana nimekuuliza leo."

Kijana alifikiri kidogo, kisha akaingia ndani kutafuta kamba. Basi alasiri ile tukaibeba kayaki, watu wanne, hadi penye maji yaliyotulia, kina cha kiuno, pasipo na mamba. Nataka nieleze lililofanyika, kwa maana anayeunda chombo popote pale anaweza kulifanya, na halihitaji mashine yoyote.

Kwanza, kabla ya kugusa mto, chombo kiliinuliwa juu ya magogo mawili, yakamiminwa ndani madebe mawili ya maji. Kikainamishwa mbele, kikainamishwa nyuma, kikalazwa ubavu. Penye tundu, maji yenyewe yalitoka nje na kujionyesha. Yalijionyesha mahali pamoja, karibu na mkia, tone baada ya tone. Mzee akapaweka alama ya mkaa.

Pili, chombo kiliwekwa mtoni kikiwa kitupu, kimefungwa kamba, kikaachwa kielee. Mstari wa maji ukachorwa kwa mkaa kulia na kushoto. Ulikuwa chini kidogo upande mmoja. Mbao za upande ule zilikuwa nzito zaidi. Kisha yakatiwa madumu ya maji. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kwa hiyo hakuna aliyehitaji mizani. Madumu manne ni mtu mzima, la tano ni mzigo wake. Yalipangwa sakafuni, kayaki ikatulia vizuri, na ukingo wake ukabaki juu ya maji kwa zaidi ya shibiri. Kijana akatabasamu. Mfanyabiashara, aliyekuwa amekuja kuangalia fedha zake, akatabasamu zaidi.

Tatu, akaingia mtu. Mtu mwenyewe alikuwa fundi, kwa sababu mzee alikataa mtu mwingine yeyote aingie kabla yake. Hakupiga makafi matatu. Kayaki ilitikisika kulia, akaegemea kushoto, na mara chombo kikawa juu chini, na miguu ya fundi ikawa hewani. Watoto walipiga kelele kwa raha. Alipotoka alikuwa anatema maji na matope, na chombo chake kilikuwa kimejaa maji pomoni, kimebakiza ncha ya pua tu.

Sababu zilikuwa mbili, na zote zilionekana pale pale. Ya kwanza ilikuwa kiti. Kwa mazoea ya ufundi wake alikuwa ametengeneza kiti kizuri cha mninga, kama kigoda, kimeinuka shibiri nzima kutoka sakafuni. Madumu yalikaa chini, chombo kikatulia; mtu alikaa juu ya kigoda, chombo kikapinduka. Uzito ulikuwa ule ule, lakini ulikuwa umepanda juu. Sababu ya pili ilikuwa kwamba ndani ya kayaki hapakuwa na chumba hata kimoja kilichozibwa cha kuhifadhi hewa. Maji yakiingia penye tundu yalikuwa na njia wazi kutoka omo hadi tezi.

Sasa sikilizeni maneno aliyoyasema mfanyabiashara, maana ni maneno tunayoyasikia kila siku katika nchi hii. Alisema, "Bwana mdogo, Jumamosi weka mtoto. Mtoto ni mwepesi, hawezi kukipindua. Tupige picha, mgeni aondoke, halafu utarekebisha."

Kijana alimtazama mpwa wake, aliyekuwa bado anacheka ukingoni mwa maji. Kisha akasema kwamba Jumamosi hakuna sherehe.

Uamuzi huo ulimgharimu. Mgeni rasmi aliona amedharauliwa, na hakukubali tarehe nyingine. Mfanyabiashara alitaka fedha zake kabla ya mwisho wa mwezi, na ili kumlipa, fundi aliuza kitanda cha mninga alichokuwa amekitengeneza kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe. Lakini kiti kilishushwa hadi sakafuni. Zilijengwa kuta mbili ndani, moja mbele ya miguu na nyingine nyuma ya mgongo, zikazibwa kwa gundi, na nyuma ya kila ukuta likatiwa dumu tupu lililofungwa kizibo na kukazwa kwa kamba. Ufa wa mkiani ulizibwa. Wiki tatu baadaye alirudi penye maji yale yale, akaipindua kayaki kwa makusudi mara saba, na mara zote saba ilibaki inaelea, naye ameishika. Hapo ndipo mzee aliposema chombo kimeshuliwa. Walikuwapo watu sita, na hakuna aliyepiga picha.

Ndugu msikilizaji, yawezekana unajiambia kwamba hayo ni mambo ya vijijini, na kwamba wakubwa wenye elimu na fedha hawawezi kukosea hivyo. Nitakupa habari za chombo kilichokuwa miongoni mwa vile vikubwa kabisa vya wakati wake katika nchi yake. Kiliitwa Vasa. Kilikuwa cha Mfalme Gustav Adolf wa Uswidi, kikaundwa Stockholm, kikapakwa rangi, kikachongwa sanamu mamia, kikapangwa mizinga 64, mingi yake mizito, katika sitaha mbili. Kabla hakijaondoka, nahodha alikijaribu. Aliamuru watu 30 wakimbie juu ya sitaha kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Walipokimbia mara tatu chombo kilikuwa kinayumba kwa namna ya kutisha, na mkuu wa jeshi la maji aliyekuwapo akaamuru waache, kisije kikapinduka pale pale gatini. Mfalme alikuwa vitani, na alikuwa akiandika barua za kuhimiza chombo kiondoke upesi. Hakuna aliyethubutu kumwandikia kwamba hakifai.

Tarehe 10 Agosti 1628 Vasa ilitweka matanga mbele ya umati wa watu. Ilikwenda kiasi cha mita 1,300. Upepo kidogo ukaiinamisha, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga, ikazama mbele ya macho ya waliokuja kuishangilia, na watu wapatao 30 wakafa nayo. Ilikaa chini ya maji miaka 333, ikaibuliwa mwaka 1961, na leo imo katika jumba la makumbusho mjini Stockholm. Kosa lake ni lile lile la kigoda cha Kumsenga: uzito mwingi mno ulikuwa juu.

Angalieni tofauti. Uswidi jaribio lilifanyika, nalo lilisema kweli, tena kwa sauti kubwa. Lililokosekana ni mtu wa kulisikiliza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mkubwa wa kumpendeza. Kwa hiyo nasema hivi: anayejaribu chombo huku amekwisha apa kwamba sherehe itakuwapo, huyo hajajaribu kitu. Jaribio la kweli ni lile ambalo mwenyewe yuko tayari liharibu sherehe yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na maradhi ya chombo huumbuliwa na maji, tena mbali na ukingo.

Na sisi hatuhitaji kwenda Uswidi kujifunza msiba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya Watanzania wakaangamia ndani yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Hapo tunajifunza jambo jingine, kwamba jaribio la siku ya kwanza halitoshi. Chombo kilichopimwa kwa watu mia moja kimefaulu mtihani wa watu mia moja. Siku ukipakia mia tatu, umekipeleka majini chombo kipya ambacho hakijawahi kujaribiwa. Kwa maana hiyo kila safari ni kushua upya, na kila nahodha anayehesabu abiria wake gatini anafanya kazi ile ile ya mzee wa madumu.

Mkoa huo huo wa Kigoma unayo meli inayotufundisha subira. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma, ikaungwa upya na kushuliwa Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 waliizamisha wao wenyewe ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito, wakijua huenda siku moja ikahitajika. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Hawakuipakia abiria siku ilipoibuka. Miaka mitatu ilipita ikisafishwa na kutengenezwa, na mnamo Mei 1927 ndipo ilipoanza kazi tena kwa jina la Liemba. Matunda ya subira hiyo yalionekana hata mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na Liemba, ikiwa na umri wa miaka mia moja majini, ikawa miongoni mwa vyombo vilivyowatoa na kuwafikisha Kigoma.

Basi niseme nini kwenu, ninyi ambao hamuundi vyombo bali mnavipanda? Mnapofika gatini, mtazameni mstari wa maji ubavuni. Ukiona maji yamekaribia ukingo na watu bado wanaingia, shuka, hata kama nauli umekwisha lipa. Uliza maboya ya kuokolea yako wapi, na usiridhike kwa kuonyeshwa sanduku lililofungwa kufuli. Ukiona mzigo mzito umepangwa juu ya paa na watu wako chini, kumbuka kigoda. Na nahodha akikataa kuondoka kwa sababu ya upepo au ya wingi wa watu, msimzomee. Yeye peke yake ndiye anayekubali kuaibika kwa ajili yenu.

Na kwa wale wenye mikasi ya kukatia utepe, wa vivuko, madaraja, visima na majengo, nina ombi moja. Mkialikwa, kabla ya kuuliza hotuba iko wapi, ulizeni lile swali fupi alilouliza mvushaji wa Malagarasi. Mkiona wenyeji wanatazamana, ahirisheni. Afadhali wapiga ngoma walipwe mara mbili.

Hadi wiki ijayo, nawatakia safari njema, wa nchi kavu na wa majini.